Waya wa Nne, Ghorofa ya Sita

Lifti ya Jengo Namba Saba hulala saa tano asubuhi na kuamka saa kumi jioni, maana katika saa hizo umeme wake hupelekwa kwenye ubaridi. Kwa hiyo Siwema Mhando alipanda kwa miguu, mkoba wa vifaa begani, akimlaani kimoyomoyo mtu wa kwanza kubuni ngazi. Ghorofa ya tatu alipumzika. Ya tano alipumzika tena, akajifanya anafunga kamba ya kiatu ingawa hapakuwa na wa kumwona. Nje, mji wote wa Tanga ulikuwa umefunga madirisha. Joto lilikuwa limefika nyuzi arobaini na sita, na jua lilikuwa bado halijasimama utosini.

Tangu alipoamka alikuwa hatulii. Alihesabu bisibisi zake mara tatu, akasahau testa mezani, akarudi kuifuata, akafika njiani na kujiuliza kama mlango ameufunga. Kazi aliyotumwa ilikuwa ndogo: kukagua mashine moja ya ndani ya kiyoyozi na kutia sahihi. Lakini mashine ile aliifunga yeye mwenyewe miezi miwili na nusu iliyopita, na fundi yeyote mkweli atakwambia kuwa hapendi kuitwa kuangalia kazi aliyokwisha kuisahau.

Bwana Hoza, msimamizi wa jengo, alikuwa akimngoja kwenye korido ya ghorofa ya sita na kibao chake cha kioo mkononi. Alikuwa mtu mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata katika joto lile, na alipenda mambo yaishe.

"Umechelewa, fundi."

"Sijachelewa. Ngazi zako ndizo zimezidi."

"Haya. Ni huyu wa chumba sitini na tatu, Mzee Shekiondo." Alimwelekezea kibao. "Tazama mwenyewe. Siku arobaini sasa Mgawaji anampa ubaridi kamili, kuliko mtu yeyote ghorofa hii. Na kila asubuhi ananipigia kelele kwamba hapati kitu. Chumba chake hakipoi. Sasa mtu anapewa kamili na chumba hakipoi, maana yake nini?"

"Anafungua dirisha?"

"Au anaweka sufuria ya maji ya moto chini ya jicho la mashine, kama walivyofanya wajanja wa ghorofa ya pili mwaka juzi, ili aonekane mgonjwa. Majirani wamechoka. Watu kumi na wanne wametia sahihi ashushwe daraja. Wewe kagua, useme mashine ni nzima. Saa kumi namshusha."

"Akishushwa atabaki na nini?"

"Na makombo. Si mwenyewe anasema hapati kitu? Basi hataona tofauti." Bwana Hoza alicheka peke yake.

Siwema alipitisha macho kwenye orodha ya majina. La tisa lilikuwa la Mishi Mhando, chumba sitini na nne. Mdogo wake.

Mgawaji hakuwa mtu, ingawa wapangaji walimsengenya kama jirani. Alikuwa ubongo wa mitambo uliowekwa chumba cha chini kabisa, na kazi yake ilikuwa moja. Mashine kubwa ya juu ya paa haikuweza kupoza jengo zima mchana, kwa hiyo kila baada ya dakika moja Mgawaji aliuliza vyumba vyote: nani kati yenu amezidiwa? Mashine ya ndani, pale juu ukutani, ilikuwa na jicho dogo jeusi lililohesabu pumzi, jasho na mapigo ya moyo ya aliyekaa chini yake, ikajibu. Aliyezidiwa alifunguliwa gesi ya baridi. Aliyejiweza alisubiri. Tangu utaratibu ule uanze, watu walikuwa hawafi tena kwa joto katika majengo ya mji, na hilo hata waliomchukia Mgawaji walikiri.

Siwema alibisha hodi sitini na tatu.

"Pita, mlango uko wazi. Na usiseme kwa Hoza kwamba uko wazi."

Mzee Shekiondo alikuwa ameketi sakafuni juu ya mkeka uliolowa, kifua wazi, kikoi chenye maji mabegani. Alikuwa na miaka inayokaribia themanini, na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Siwema hakuipenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunipima mimi au mashine?"

"Mashine."

"Afadhali. Mimi nimekwisha kupimwa nikaonekana mwongo." Alinyoosha kidole ukutani, kwenye kipimajoto cha kioo cha zamani. "Nimepima hali ya hewa pale uwanja wa ndege miaka thelathini na moja, binti. Mvua, upepo, joto. Marubani walikuwa wakiruka kwa neno langu. Leo naambiwa sijui joto ni nini. Hebu nisomee kile."

Siwema alisoma. Nyuzi thelathini na nane na nusu. Hapakuwa na sufuria chini ya jicho. Dirisha lilikuwa limefungwa, tena limezibwa kwa blanketi.

Alipanda kigoda, akafungua mfuniko wa mashine. Nyaya nne zilikuwa mahali pake kama alivyoziacha: waya wa moto, nyutro, waya wa ardhini, na ule wa nne mwembamba, ambao mafundi huuita ulimi kwa sababu ndio unaopeleka maneno ya jicho kwa Mgawaji. Alikaza skrubu moja moja, zote zilikuwa zimekaza. Testa iliwaka ilipopaswa kuwaka. Alishika bomba la gesi. Bomba linalopewa gesi kamili huuma vidole kwa baridi. Hili lilikuwa vuguvugu.

Aliweka kiganja juu ya lile jicho jeusi, akalifunika. Mashine ikifunikwa jicho huona chumba hakina mtu, na Mgawaji hufunga gesi mara moja. Siwema alitega sikio kwenye bomba lililokuwa mbele yake. Kimya, kama mwanzo. Lakini nyuma ya ukuta, upande wa sitini na nne, mlio mwembamba wa gesi ulififia, ukakata.

Akaondoa kiganja. Mlio ukarudi, kulekule nyuma ya ukuta.

Akafunika tena. Ukakata.

Alirudia mara ya tatu. Alikuwa amekwisha kuelewa, ila mkono wenyewe haukutaka kukubali.

"Umeona nini?" mzee aliuliza kutoka mkekani.

"Bado naangalia, mzee," alisema Siwema, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza siku ile.

*

Kisanduku cha nyaya cha ghorofa ya sita kilikuwa mwisho wa korido. Bwana Hoza alikuwa ameshuka kutafuta kivuli cha ofisi yake, kwa hiyo Siwema alikifungua bila wa kumwuliza. Kutoka kila chumba nyaya ziliingia hapo, na kutoka hapo zilishuka hadi chini kwa Mgawaji. Ndimi zote zilikuwa nyekundu. Kiwanda kilikuwa kimeleta rangi moja tu mwaka ule, kwa hiyo kila fundi alijiandikia namba kwenye kipande cha tepu.

Alikiona kipande chake. Mwandiko wake mwenyewe, ile tatu yenye mkia mrefu iliyokuwa ikimchapisha shuleni. Tepu ya sitini na tatu lazima ililegea kwa joto kabla hajaunganisha nyaya, ikateleza hadi chini, ikaning'inia kwenye waya wa jirani. Ndimi mbili zilikuwa zimebadilishana vituo. Mwili wa Mzee Shekiondo ulipolia, gesi ilifunguliwa kwa Mishi. Wa Mishi ulipotulia, gesi ilifungwa kwa Mzee Shekiondo.

Alisimama pale akiikumbuka siku yenyewe, na alitamani asingeikumbuka. Ukimaliza kufunga vyumba viwili vilivyopakana, unatakiwa uwashe kimoja kwanza, uende ukashike bomba lake, ukizime, ndipo uwashe cha pili. Fundi aliye peke yake lazima atembee kati ya vyumba mara nne. Wengi huwasha vyote viwili kwa mpigo. Wakikuta vyote vimepoa, wanafunga kisanduku. Ukiwasha vyote kwa mpigo, ndimi hata zikibadilishana hutajua. Siwema alilijua hilo. Aliwafundisha wengine wasifanye hivyo. Lakini siku ile Mishi, mwenye mimba ya miezi mitano, alikuwa ametoa kichwa mlangoni akaita, "Dada, bada imeiva na mchuzi wa papa ndio huu, njoo kabla haijapoa." Na Siwema alikuwa na njaa. Aliwasha vyote kwa mpigo.

Hapakuwa na zaidi ya hilo. Sahani ya bada, ugali wa muhogo tu.

Mwanzoni haikudhuru, kwa sababu Mgawaji aliwagawia sawa wote waliokuwa na afya. Kisha msimu wa joto kali ukaingia, moyo wa mzee ukaanza kuyumba, na wiki tatu zilizopita Mishi akajifungua mtoto wa miezi saba. Hapo ndipo nyaya zile mbili zilipoanza kazi mbaya. Kadiri mzee alivyozidiwa, chumba cha mtoto kilizidi kupoa. Kadiri mtoto alivyolala vizuri, mzee alinyimwa zaidi. Naye akinyimwa zaidi, huzidiwa zaidi. Mgawaji aliandika kila kitu kwa uaminifu, jina la mzee na neno "kamili", siku arobaini mfululizo.

Kubadilisha ndimi zile ni kazi ya dakika nne. Siwema alishika bisibisi, akaiweka kwenye skrubu, akaitoa. Akaweka tena. Kisha akafunga kisanduku na kwenda kubisha kwa mdogo wake.

*

Ubaridi wa sitini na nne ulimpiga usoni akataka kulia kwa raha. Nyuzi ishirini na sita. Mishi alikuwa amekaa kitandani na kanga mbili, mtoto amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi, kichwa chake hakizidi embe dogo.

"Dada! Mbona hukusema unakuja? Karibu, karibu, funga mlango. Umekuja kwa ajili ya yule babu?" Alishusha sauti. "Jana usiku alipiga ukuta. Kibwana akashtuka. Wallahi nilitaka kwenda kumwambia."

"Kibwana anaendeleaje?"

"Kilo mbili kasoro kidogo! Nesi amesema akizidi mbili na nusu tutashukuru Mungu. Cha muhimu amesema chumba kisizidi ishirini na saba, kisipungue ishirini na tano. Nikamwambia hapa kwetu kuna baridi ya Lushoto." Alicheka, kisha akamtazama dada yake. "Una nini? Kaa basi. Unazunguka kama kuku mtetea."

Siwema alikuwa kweli anazunguka, kutoka dirishani hadi mlangoni. Aliketi, akainuka, akasema yote akiwa amesimama. Hakupamba. Alipofika kwenye bada, Mishi aliinua mkono.

"Ngoja. Unasema hii baridi si yetu?"

"Ni yake."

"Yote?"

"Karibu yote."

Mishi alimvutia mtoto kifuani ingawa alikuwa hawezi kumvutia zaidi. "Na ukirekebisha?"

"Mgawaji atampa yeye kwanza. Moyo wake uko vibaya kuliko mtu yeyote ghorofa hii, na kuta zake zimeshika joto la siku arobaini. Itachukua saa tano, sita. Hapa kwako itapanda."

"Itapanda mpaka ngapi?"

"Thelathini na tatu. Labda na nne."

"Mwanangu atakufa, dada."

"Sijui."

"Unajua. Unajua, ndiyo maana umekuja kwangu badala ya kugeuza waya wako ukaenda." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa kavu. "Baba Kibwana yuko kwenye mitambo ya jua Handeni mpaka mwisho wa mwezi. Hospitali wamejaa, walinitoa siku ya nne. Nina wewe tu. Ngoja wiki mbili. Mbili tu, afike hizo kilo."

"Saa kumi Hoza anamshusha yule mzee daraja. Akishushwa yeye, gesi inayofungwa ni hii yako."

Siwema alimjua mdogo wake tangu akitambaa, akaona anavyofikiri. Alipokuwa mdogo alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko watoto wote wa mtaa.

"Basi mwandikie vizuri," Mishi alisema polepole. "Andika mashine ni nzima na mzee ni mgonjwa kweli, asishushwe. Si kweli ni mgonjwa? Hujasema uongo. Hoza atanyamaza, majirani watanyamaza. Mzee mwenyewe atafurahi."

"Na ataendelea kuungua."

"Ameungua siku arobaini yuko hai, dada. Kibwana hawezi kuungua siku moja."

Siwema aliinama. Alimbusu mtoto kisogoni. Kisogo kilikuwa laini na baridi kidogo, kama inavyotakiwa.

*

Alirudi sitini na tatu na fomu ya ukaguzi. Alijiambia amerudi kumalizia kupima. Aliketi kwenye kigoda akaandika: *Mashine ya ndani ni nzima. Nyaya zimekaza.* Hayo yote yalikuwa kweli. Akaandika: *Mpangaji ni mgonjwa kwa dhati na hakuna dalili ya udanganyifu. Napendekeza asishushwe daraja.* Hayo nayo yalikuwa kweli. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mzee Shekiondo alikuwa akimtazama. "Unaandika nini, fundi?"

Alimsomea.

Mzee alijikongoja kuinuka, akishika ukuta, akaenda kwenye mtungi uliokuwa pembeni, akateka maji kwa kata na kumletea. Nusu ya maji ilimwagika sakafuni njiani. Alikuwa amesimama mbele yake akihema kana kwamba amepanda ngazi zote za jengo.

"Kunywa," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza. Siku arobaini, mtu wa kwanza kuandika kwamba mimi si mwongo. Hata kama joto halipungui, mwanangu, hilo peke yake limenipoza. Mungu akuweke."

Siwema aliipokea kata. Hakuweza kuinywa. Aliiangalia ile midomo ya buluu ikimwombea dua, akahisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, aibu ambayo hakuwahi kuijua, hata siku aliyofeli mtihani wa ufundi mbele ya darasa zima. Angeweza kumwibia mtu akiwa amelala. Angeweza hata kumwibia akiwa macho. Lakini huyu alikuwa anamshukuru.

Aliweka kata chini, akachana fomu.

"Mzee, kaa kwanza. Tafadhali kaa."

Akamweleza. Alieleza ndimi, kisanduku, tepu na mwandiko wake. Alipofika kwenye jina la mpangaji wa sitini na nne, alilisema, akasema na mtoto.

Mzee Shekiondo hakupiga kelele. Siwema alikuwa amejiandaa kwa kelele, na kukosekana kwake kulimtesa zaidi.

"Umejua tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipofunika lile jicho."

Mzee akatazama saa ya ukutani. "Hiyo ni saa nzima."

"Ndiyo."

"Na ulikwenda wapi?"

"Kwa mdogo wangu."

"Kisha ukarudi hapa ukaandika barua ya kunisifu." Alitikisa kichwa taratibu. "Nami nikakupa maji."

"Nisamehe, mzee."

"Mambo ya msamaha yana wakati wake. Kamwite Hoza. Utayasema haya kwa mdomo wako, hapo koridoni, milango ikiwa wazi. Nataka wote kumi na wanne wasikie."

*

Walisikia. Ilikuwa saa saba kasorobo, na watu walitoa vichwa milangoni, mashati yamewaganda, wakasikiliza bila kukohoa. Siwema alisimama mbele ya kisanduku kilicho wazi, bisibisi mkononi, akasema kwamba Mzee Shekiondo hakuwahi kudanganya, kwamba kosa lilikuwa lake, na akaonyesha waya na tepu. Kisha akazima swichi ya vyumba viwili, akafungua skrubu mbili, akabadilisha ndimi, akakaza. Alitembea hadi sitini na tatu kushika bomba, akarudi, akaenda sitini na nne, akarudi. Safari nne, kama inavyotakiwa. Dakika zikawa saba badala ya nne kwa sababu vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho.

Bwana Hoza alikuwa amekunja uso. Alisubiri amalize.

"Na sitini na nne anakaa nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mdogo wangu."

"Kwa hiyo waya zimejichanganya zenyewe, zikachagua kwenda kwa mdogo wako. Ambaye ana kichanga."

"Hakuwa na kichanga siku ile. Ilikuwa bahati mbaya."

"Wewe ungekuwa mimi, ungeamini?"

Siwema alilifikiria swali lile kwa haki. "Nisingeamini," alisema.

Hoza akanyoosha mkono, na Siwema akavua kitambulisho chake cha ufundi shingoni na kumkabidhi. Mwanamke mmoja wa sitini na sita alisema kwa sauti, "Jamani, na sisi tulitia sahihi," halafu akafunga mlango wake. Mingine ikafuata, mmoja mmoja.

Kutoka chumba cha mzee ulianza kusikika mlio wa gesi. Siwema alisikia mtu akiguna ndani kama anayewekwa kwenye maji ya mto.

Hakuondoka. Hakuwa na kazi tena pale, wala kitambulisho, lakini miguu haikukubali kushuka ngazi. Alikwenda mlangoni kwa Mishi akaulizia, akaambiwa kupitia upenyo kwamba ni ishirini na nane. Akatembea hadi mwisho wa korido akarudi. Ishirini na tisa. Alipendekeza wamfunge mtoto kitambaa chenye maji. Mishi akasema nesi alikataza, atashtuka. Saa nane na robo ikawa thelathini na moja, na Kibwana, ambaye tangu azaliwe alikuwa hajalia kwa nguvu, alikuwa analia kilio kifupi kifupi cha kukatika.

"Mgawaji anamsikia sasa," Siwema alisema mlangoni. "Ulimi wake uko mahali pake. Anamsikia."

"Anamsikia halafu anafanya nini?"

"Anahesabu."

"Na anahesabu nani kwanza?"

Mlango ulifunguliwa wote. Mishi alisimama hapo na kanga imelowa, nywele zimetawanyika, mtoto kifuani mwekundu kama nyama. Hakumtazama dada yake. Alitazama mlango wa sitini na tatu, hatua nane kutoka alipokuwa, mlango wa mtu aliyemtilia sahihi ashushwe daraja.

"Nitamwambia nini?" alinong'ona.

"Sijui, mdogo wangu."

"Nilimwita mla baridi. Mbele ya watu. Kwenye ngazi. Nilisema afe tupumzike."

Kibwana akakata kilio, akakaa kidogo bila sauti, kisha akaanza tena, chini zaidi. Mishi alizitembea zile hatua nane na kubisha kwa kiganja.

Ilichukua muda. Ndani mlisikika mkeka ukivutwa na mtu akijikokota. Mlango ulipofunguliwa, ubaridi ulitoka na kuwagusa miguuni. Mzee Shekiondo alikuwa amevaa shati. Midomo yake ilikuwa imeanza kurudi rangi ya mtu. Alimtazama Mishi, akamtazama mtoto, kwa makini, kama mtu anayesoma kipimo.

"Shikamoo, baba," Mishi alisema. Alimnyanyua mtoto kidogo, ili aonekane.

Mzee hakuitikia salamu. Alitazama korido yote, juu na chini, kama anayehesabu nani anaona.

"Ingia au rudi," alisema hatimaye. "Lakini usisimame hapo. Unaniingizia joto."

Mishi aliingia upesi, bega likagonga fremu. Siwema alipiga hatua kumfuata. Alikuwa na mengi ya kusaidia: angeweza kuelekeza upepo wa mashine usimpige mtoto usoni, angeweza kuupanga mkeka. Mkono wa mzee, mkavu na wenye mishipa, ulikuja ukakaa kwenye fremu mbele yake.

"Wewe hapana."

"Mzee, nataka tu kurekebisha..."

"Huyu mtoto hajanifanya kitu. Mama yake alinitukana bila kujua, nitasemezana naye. Wewe ulijua." Hakuwa amekasirika. Alisema kama alivyokuwa akiwasomea marubani upepo. "Ulijua saa nzima, ukakaa kwenye kigoda changu unaandika. Wewe baki huko nje."

Mlango ukafungwa, komeo likalia.

Siwema alisimama. Korido ilikuwa na nyuzi arobaini na nne na hapakuwa na mtu. Aliketi sakafuni karibu na mkoba wake, akaegemea ukuta. Ukuta ulikuwa na moto, ukamchoma mgongoni kupitia shati, lakini hakujiondoa. Ndani kilio cha mtoto kilipungua, kikapungua tena, na baada ya muda mrefu alimsikia Mzee Shekiondo akiuliza huyu anaitwa nani, na Mishi akimtajia.